Uzoefu haushuke toka mbinguni: maneno yetu ku Bel-Air



Hatutakawisha. Tuko na ulizo moja tu: ni nani anaweza kuangalia umeme mu nyumba na kusema "iko muzuri, washeni"?

Musimu wa mvua uliopita, mu parcelle moja ya hapa kwetu, mama mumoja alishika mulango wa chuma, courant ikamurusha. Alipona, Mungu asifiwe. Fundi aliyefunga waya alituambia: "Niko na miaka makumi mbili mu kazi hii, hakuna mutu alikufa." Hatukumutukana. Mikono yake inajua kazi kutupita. Lakini tulipomuuliza kama alipima waya ya terre, alicheka. Miaka makumi mbili ya kufunga waya haiko miaka makumi mbili ya kupima.

Na sisi? Tuko na diplome. Tunajua kama waya za 220 volti, tukizima courant, tunazipima na 500 volti, na namba haitakiwi kushuka chini ya megaohm 1. Sasa kifaa kinaonyesha 1,2. Kitabu kinasema: imepita. Mwenye uzoefu anauliza: juu ya nini waya zingine mu nyumba hii ziko na 200, na hii paka 1,2? Anafungua boite, anakuta maji. Ulizo lile halikukuwa mu examen yetu.

Tena, pima terre mu Januari: udongo wa Lubumbashi umelowa, namba ni nzuri. Rudia mu Septemba, kiangazi kimekausha udongo: namba imepanda, na piquet ni ile ile. Anayejua hii ni yule aliyepima mu misimu yote mbili.

Kwa hiyo hatusemi uzoefu ni uongo. Uzoefu unaokoa batu. Lakini kila mulango tunaogonga, banatuambia: "Leteni miaka mitano ya expérience." Tutaitoa wapi, kama hakuna anayetufungulia?

Uingereza, kanuni ya 1989 juu ya umeme kazini inasema kazi ya hatari ifanywe na mwenye ujuzi ao uzoefu, ao na yule anayesimamiwa sawa inavyofaa. Kusimamiwa: njo kitu tunaomba. Inchi yetu iko na INPP tangu 1964, iliundwa juu ya kutayarisha batu ku kazi. Njia iko, ifunguliwe.

Tunaomba mambo matatu:

1. Makampuni na serikali bafungue stage ya kupima kweli, si ya kubeba ngazi na kununua mikate.
2. Kila nyumba tunayopima iandikwe mu carnet, na fundi mukubwa atie sahihi. Carnet ile ihesabiwe kuwa expérience.
3. Nyinyi mafundi ba quartier: mutufundishe mikono, sisi tutaleta kifaa na namba. Hatukuje kuwanyang'anya mukate.

Fundi anayetusikia, utuite kesho. Tutabeba mufuko yako, tutauliza maulizo mingi, utatuvumilia.

Mama yule alipona. Tusingoje mutu afe njo tupime.