Gari ya zamani na chumvi ya kule

Wandugu, tulipokuwa Liège, gari ya zamani njo ilitupeleka kazini. Wakati wa baridi kule wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na ile chumvi inakula chuma. Sisi tulibadilisha betri, tukaweka tairi za theluji na maji ya radiatere yasiyoganda, tukapaka rangi. Chini hatukuangalia! Siku moja jeki ikaingia pale chini ya mlango kama kidole ndani ya bukari, na mtoto alikuwa amekaa ndani. Tulikata kutu yote, tukachomelea bati mpya.

Sasa ninyi munaotaka kuleta gari yenu Lubumbashi: mbele ya kulipa meli, mugonge chini na nyundo. Ikilia, ni nzima. Ikibonyea, muiache kule.