Barafu Kavu na Pumzi ya Fundi

Tutazame jambo moja: mashine za kusafishia kwa barafu kavu. Hurusha punje za barafu hiyo kwa nguvu ya kompresa, zikabandua masizi, grisi na rangi kuukuu.

Kwa nini linatugusa sisi wa Kyela? Kwanza, barafu kavu ni hewa ya ukaa iliyogandishwa, na jirani zetu wa Rungwe wanaivuna hewa hiyo ardhini, huko Kyejo, kwenye kiwanda cha kampuni ya gesi ya TOL. Pili, tuna meli kwenye bandari za Itungi na Kiwira, zenye vyumba vya injini vya kusafishwa.

Wanaoitetea njia hii ya kusafisha wana hoja nzito: haihitaji maji wala kemikali za kuishia Ziwa Nyasa.

Sasa tugeukie upande wa pili. Kilo moja ya barafu kavu ikigeuka hutoa zaidi ya lita 500 za gesi isiyo na rangi, nzito kuliko hewa, inayotuama chini. Chumba kikifungwa, fundi huumwa kichwa, huzirai, anaweza kufa. Ubaridi wa barafu yenyewe, nyuzi 78 chini ya sifuri, huunguza ngozi. Basi ziwepo feni za kutoa hewa, kipimo cha gesi, glavu nene, miwani, vizibo vya masikio dhidi ya kelele za mashine, na mwenzake mlangoni.

Ni gharama, kweli. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi. Swali ni hili: kibarua wa siku moja atapata wapi nguvu ya kukataa kushuka kwenye chumba kisicho na hewa?