Kura si Shilingi



Wapo wasemao kwamba uchaguzi ni soko: vyama ni maduka, na mpiga kura ni mnunuzi. Kuna ukweli humo. Duka likiwa moja tu mjini, mwenyewe hupanga bei apendavyo na huuza hata mahindi yaliyooza. Tangu Juni 1982, kifungu cha 2A cha katiba kilituachia duka moja, yaani KANU. Mwaka 1988, katika uteuzi wa wagombea ubunge, wananchi walipangwa mlolongo hadharani, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kura ya siri. Kifungu hicho kilifutwa Desemba 1991, na milango mingine ikafunguliwa.

Lakini mfano huo una mpaka. Sokoni Gikomba, huyu akichagua koti na yule shati, kila mmoja huondoka na chake. Katika uchaguzi sote tunapika chungu kimoja. Hata aliyekikataa chakula hicho hukila miaka mitano. Mwaka 1992, karibu wapiga kura wawili katika kila watatu hawakumchagua Rais Moi. Kwa kuwa kura zao ziligawanyika hasa baina ya Matiba, Kibaki na Odinga, Moi alirudi Ikulu kwa takriban asilimia 36. Mwaka 2002 upinzani uliungana katika NARC, ukashinda. Nayo katiba ya 2010 ikaamuru kwamba rais apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa.

Tofauti ya pili ni nzito zaidi. Sokoni, mwenye shilingi elfu ana sauti kumshinda mwenye shilingi kumi. Mbele ya sanduku la kura, muuza mboga na mwenye kiwanda wako sawa: kila mmoja kura moja. Basi anayeuza kura yake kwa pakiti ya unga au leso huirudisha sauti hiyo mikononi mwa mwenye fedha. Unga utaliwa jioni moja. Zahanati isiyo na dawa itabaki hivyo miaka mitano, na jirani ambaye hakuuza chochote ataugua pamoja naye.

Wahenga walinena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mgombea anayejitembeza na magunia ya unga, muulizeni anaficha nini. Na mnapoingia kupiga kura, msijiulize kama wanunuzi, "Nitapata nini?" Jiulizeni kama wananchi, "Tutaishije sote?"