Umewafanyia Nini Wenzako? Mazungumzo na Wanaomaliza Sekondari

[Muziki wa kufungulia kipindi, kisha sauti ipungue]

Mwenye redio aongeze sauti kidogo. Kama mko kwenye kikundi na mna karatasi hii mkononi, mmoja asome polepole, wenzake wasikilize. Mwishoni kuna maswali ya kujadili.

Leo nazungumza na wadogo zangu mnaokaribia mtihani wa S6, pamoja na nyinyi mlio upande wa Kenya mnaomaliza kidato cha nne. Baba na mama, msiondoke. Nina neno lenu pia.

Mada yetu ni ufadhili wa masomo ya chuo. Najua wengi mkisikia neno hilo mnasema, "Hizo ni za watoto wa wakubwa." Wengine mnasema, "Bila mtu ofisini hupati." Kwa hiyo tangazo linabandikwa ubaoni, siku zinapita, tarehe inafungwa, na kijana mwenye alama nzuri hakuandika hata mstari mmoja. Hilo ndilo linaloniuma. Anayeomba anaweza kukosa, lakini asiyeomba amekwisha kukosa.

Tuambiane ukweli kuhusu hali ilivyo. Shirika la UNHCR linasema kwamba mwaka 2019, kati ya vijana wakimbizi 100 wa umri wa kwenda chuo, waliokuwa chuoni ni 3 tu. Baadaye wakafika kama 7. Lengo lililowekwa ni kufika 15 ifikapo mwaka 2030. Duniani kwa jumla, vijana wanaofika chuo ni kama 40 kwa kila 100. Mlango wetu ni mwembamba, lakini kila mwaka kuna wanaopita.

Wanapitia wapi? Nitataja njia tatu.

Ya kwanza ni DAFI. Ufadhili huu ulianza mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani, na unasimamiwa na UNHCR. Umepewa jina la Albert Einstein, yule mwanasayansi aliyeondoka Ujerumani akawa mkimbizi kama sisi. DAFI hukulipia karo na gharama za kuishi ili usome chuo katika nchi uliyokimbilia.

Ya pili ni WUSC ya Kanada. Tangu mwaka 1978, wanafunzi wa vyuo vya kule huchangia kiasi kidogo pamoja na karo zao ili mkimbizi aje kusoma nao na apate ukaazi wa kudumu. Sasa waliokwenda kwa njia hiyo wamezidi 2,000. Kenya na Uganda zote zimo katika mpango huo.

Ya tatu ni mpango wa Mastercard Foundation, ambao umesomesha wengi katika Chuo Kikuu cha Makerere na vyuo vingine vya Afrika.

Kila njia ina masharti yake, na masharti hubadilika. Soma tangazo la mwaka huo lenyewe, usitegemee maneno ya jirani. Lakini nimewasikiliza waliopita huko, nikaona jambo moja linajirudia. Kwanza wanaangalia alama zako. Waombaji wenye alama nzuri wakiwa wengi, linakuja swali jingine: wewe umewafanyia nini watu wanaokuzunguka?

Hapo ndipo wengi wetu tunakwama.

[Muziki mfupi]

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Merikit, wilaya ya Tororo, kumtembelea shangazi yangu aliyeolewa kule. Sisi Wakenya tuliovuka mpaka wa Busia na Malaba mwanzoni mwa mwaka 2008 tunaijua Tororo. Tulipokelewa Mulanda kabla ya kuletwa hapa Kiryandongo. Nilikuwa mdogo, lakini foleni ya maji ya Mulanda naikumbuka.

Kule Merikit kuna binti wa jirani ya shangazi ambaye yuko S6. Nilimwuliza, "Ukiulizwa kazi unayofanya kwa jamii, utasema nini?" Akacheka, akasema, "Kaka, mimi sina shirika. Nasaidia tu nyumbani."

Jumamosi ile ile nikamwona chini ya mwembe na akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa. Sanduku lilikuwa katikati, na yeye ndiye aliyeshika daftari. Anaandika aliyeweka, aliyekopa na aliyechelewesha. Mama mmoja alibisha kuhusu deni lake, binti akafungua ukurasa wa mwezi uliopita, akamsomea kwa Kiteso taratibu mpaka mama akakubali. Nikamwuliza ameifanya kazi hiyo kwa muda gani. Mwaka mzima na zaidi! Na mbele ya fomu ya ufadhili angeandika kwamba hajafanya kitu.

Binti huyo si mkimbizi. Ni Mganda aliye kijijini kwao, na karo ya chuo inamsumbua kama inavyotusumbua sisi. Hata hivyo nimemtaja kwa sababu nawajua wengi wenu mnaofanana naye. Kuna anayewatafsiria wazee kituo cha afya. Kuna anayefundisha watoto wa block yake hesabu jioni. Kuna anayewapanga vijana kusafisha kisima. Huku kwetu tunafundishwa tusijisifu, na ni adabu nzuri. Lakini kueleza kazi uliyoifanya kweli, mbele ya mtu aliyekuuliza, si kujisifu. Ni kujibu swali.

Sasa sikilizeni namna mbili za kujibu.

Wa kwanza anaandika: "Mimi ni mkimbizi maskini, wazazi wangu hawana kitu, ninapenda sana kusaidia jamii, naomba mnifikirie." Yote ni kweli, lakini anayesoma barua amekutana na maneno hayo kwenye mamia ya barua. Hakuna cha kumkumbusha wewe ni nani.

Wa pili anaandika: "Tangu Februari mwaka jana naandika daftari la kikundi cha akina mama 25. Tunakutana kila Jumamosi. Nilipoanza, hesabu zilikuwa zinaleta ugomvi. Sasa kila mwanachama ana karatasi yake, na ugomvi umepungua. Nataka kusomea uhasibu kwa sababu nimeona deni lisiloandikwa linavyovunja urafiki." Msomaji wa barua hii anamwona mtu. Anaona pia kwa nini anataka somo lile.

Kwa hiyo fanyeni haya. Chukua daftari leo. Andika kazi unayofanya, ulianza lini, watu wangapi wanahusika, nini kilibadilika, nini kilishindikana. Usiongeze chumvi. Kama ni watoto 6, andika 6. Kisha tafuta mtu mmoja anayeweza kushuhudia: mwalimu, mwenyekiti wa block, kiongozi wa dini, mama wa kikundi. Mwambie mapema, kwa sababu barua ya kushuhudia inayoombwa usiku wa mwisho huandikwa kwa haraka na haina uzito.

Na kama kweli hujafanya kitu? Anza na kilicho mlangoni kwako. Lakini usianze kwa sababu ya fomu. Anayefundisha watoto wiki mbili, akapiga picha, akaondoka, watoto wenyewe wanamjua.

Wale vijana wa Kyangwali hawakungoja fomu. Mwaka 2005 vijana wakimbizi waliotoka Kongo, wengine wakiwa na umri wa miaka 14 hivi, walianzisha kikundi walichokiita COBURWAS. Jina hilo limeunganishwa kutoka majina ya nchi: Kongo, Burundi, Uganda, Rwanda na Sudan. Tazameni hilo lenyewe: watoto wa nchi zilizokuwa zikigombana wakajipa jina moja. Walilima mahindi, wakauza, wakalipia wenzao karo ya sekondari. Baadaye wakafungua shule ya watoto katika makazi yao. Mmoja wao, Joseph Munyambanza, alichaguliwa kwenda African Leadership Academy kule Johannesburg, kisha akasoma Westminster College, Missouri, Marekani. Jembe alilishika kwanza, ufadhili ukamkuta kazini.

[Muziki mfupi]

Tuje kwenye jambo la pili: mtu wa kukushika mkono.

Ufadhili ni fedha, lakini fedha hazikuambii namna ya kujaza fomu, wala namna ya kukaa mbele ya watu watano wanaokuhoji. Hazikuambii ufanye nini mwezi wa kwanza chuoni, masomo yanapokuwa magumu na nyumbani wanapiga simu wanataka msaada. Unahitaji aliyetangulia.

Huyo utampata wapi? Likizo ikifika, wanafunzi wa chuo wanarudi nyumbani. Nenda umsalimie mmoja. Usimwambie, "Nitafutie ufadhili." Hana wa kukupa. Mwambie, "Kaka, nisomee barua yangu uniambie wapi haieleweki." Au, "Dada, walikuuliza nini siku ya mahojiano?" Hayo anaweza. Ukimwomba saa moja, heshimu saa yake, fika na barua imeandikwa.

Na nyinyi mliokwisha kupata, wadogo zenu wanawangoja. Shika wawili tu. Wakumbushe tarehe, waonyeshe namna ya kufungua barua pepe, waambie ukweli kuhusu maisha ya chuo. Kila mmoja akishika wawili, hakuna atakayesoma tangazo peke yake.

Wazazi, neno lenu ni hili. Binti anaporudi kutoka shule, kuni na maji na wadogo zake vyote vinamngoja, huku kaka yake ameketi na kitabu. Mwezi wa mtihani gawanyeni kazi. Na mtu akija kusema chuo kitamharibu, mwulizeni amemwona nani akiharibika kwa kujua kusoma zaidi.

Sasa onyo. Fomu za ufadhili huu haziuzwi. Mtu akikutaka elfu hamsini "ya kusukuma jina," huyo ni mwizi, hata akivaa kitambulisho shingoni. Huduma za UNHCR na wabia wake ni bure. Usimpe mtu nakala za vyeti vyako njiani. Peleka mwenyewe mahali tangazo linaposema, na ukimwona mwizi wa namna hiyo, ripoti.

Mwisho, nawageukia mtakaokosa. Mtakuwa wengi, nisiwadanganye. Mimi mwenyewe niliomba, nikafika mpaka mahojiano, nikakosa. Nililala siku mbili bila kutaka kuongea na mtu. Siku ya tatu watoto ninaowafundisha kusoma walikuja kugonga mlango na vitabu vyao, kwa sababu ilikuwa Jumatatu. Nikaamka. Kazi ile haikuwa ya kununulia nafasi, ndiyo maana haikuisha nafasi ilipokosekana. Mwaka huu nitaomba tena. Tuombe pamoja.

Maswali ya kikundi cha wasikilizaji:

1. Ni kijana gani kwenye block yenu anafanya kazi ya jamii bila kujulikana? Nani atamsaidia kuiandika?

2. Nani katika kikundi chenu ana ndugu au jirani aliye chuoni? Atamwita lini aje kuzungumza na wa S6?

3. Nyumbani kwenu, ni kazi gani inaweza kuondolewa kwa binti anayejiandaa kwa mtihani?

Andikeni majibu yenu, mlete kwa msimamizi wa kikundi. Wiki ijayo tutasoma baadhi yake hapa hapa. Wadogo zangu wa S6, mtihani mwema. Kwaherini.

[Muziki wa kufungia kipindi]