Tupa Kabla ya Mashine



Nimeombwa niseme juu ya ufundi chuma shuleni. Jambo lenyewe si geni. Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, na katika miaka ya 1970 sekondari zikapewa michepuo: kilimo, biashara, sayansi kimu na ufundi. Ifunda, Moshi na Tanga zilijulikana kwa ufundi. Mwaka 2024 mkondo wa amali ukaanza kidato cha kwanza katika baadhi ya shule, na tayari nasikia wazazi wakinong'ona kuwa ni mkondo wa walioshindwa. Hao hawajapata kutengeneza tindo.

Tindo hutaka chuma chenye kaboni ya kutosha. Nondo ya kawaida ya kujengea haifai, hata ukiichovya majini haishiki makali. Unaipasha tindo moto mpaka iwe nyekundu, unachovya ncha. Sasa ncha ni ngumu mno, ukiigonga inakatika kama kigae. Basi unaing'arisha upesi kwa msasa, unaliacha joto lililobaki nyuma lirudi nchani. Rangi zinafuatana: manjano ya nyasi kavu, hudhurungi, zambarau, kisha buluu. Kwenye zambarau, kiasi cha nyuzi 280 za Sentigredi, unachovya tena. Ukizubaa ikaipita buluu, makali yamelegea, anza upya. Mhunzi anayefua panga kutoka springi kuukuu ya lori anazijua rangi hizo bila kuitaja kaboni. Mwanafunzi anaitaja kaboni katika mtihani wa kemia bila kuziona rangi. Karakana ya shule ndipo wanapoweza kukutana, nami sioni kwa nini mhunzi asialikwe kufundisha.

Sasa niseme kama mtumishi wa serikali, kwa wazee walioahidi kuchangia. Kila mmoja anataka tununue mashine ya kukereza (inapendeza kwenye picha). Lakini mashine hununuliwa mara moja, karakana hula kila wiki: vipande vya chuma, misumeno, vijiti vya kuchomelea, miwani ya kinga, umeme. Vitu hivyo visipotengewa fungu kila mwaka, mashine itafunikwa turubai. Nashauri tuanze na majiliwa, tupa, na fungu la chuma la miaka mitatu. Kijana aweze kwanza kusawazisha kipande kwa tupa mpaka skwea isipitishe mwanga, ndipo aiguse mashine.

Kazi hazikosekani hapa Fukayosi. Barabara ya Msata imejaa pikipiki, mashamba ya mananasi ya Kiwangwa yanataka mikokoteni, na kila nyumba inayojengwa inataka nondo za madirisha. Mweka hazina yuko mlangoni na daftari la ahadi. Majiliwa yameandikwa ukurasa wa kwanza.