Majani ni dawa, lakini mtoto asingoje

Wamama, wababa na vijana muliorudi Bunyakiri,

Wakati wa kukimbia, majani ndiyo yalikuwa farmasi yenu mu pori. Hatukuje kuyacheka. Mwaka 1986, watafiti walitangaza kwamba ndani ya majani ya umuravumba wa Rwanda walitoa kitu chenye kupiganisha bakteria na kuvu. Wazee walisema kweli.

Lakini musikilize vizuri. Kule walipima kitu hicho peke yake, kimesafishwa, ndani ya vyombo vya laboratware. Mu sufuria yetu, nani anajua nguvu ni kiasi gani? Jani la leo si la jana. Tena, kinachoua bakteria ndani ya chombo, ukikinywa kinaweza kupotea mbele kifike mu damu. Bakteria haifi, na mtoto anaendelea kuungua.

Basi, kidonda kikivimba na kutoa usaha, ama mtoto akiwa na homa na kukataa kunyonya, mumupeleke kituo cha afya siku ile ile. Majani mulimupa, mumwambie munganga, musifiche. Vidonge alivyoandika, mumalize vyote, hata homa ikishuka. Na pesa ikikosa, musikae kimya nyumbani: kasha yenu ya kusaidiana iko kwa ajili ya siku kama hiyo.