Kalamu na Panga: Namna ya Kusoma Katuni Wakati wa Machafuko



Mwaka 2016, nchini Burundi, wanafunzi 11 walikamatwa Muramvya kwa sababu ya mistari ya kalamu. Picha ya Rais Pierre Nkurunziza katika vitabu vya shule ilikuwa imechorwachorwa. Machi 2019 yakajirudia Kirundo: wasichana watatu walishtakiwa kwa kumtukana mkuu wa nchi, wakawekwa rumande hadi tarehe 26 ya mwezi huo. Kila mwalimu aliyepo hapa anajua kitabu cha shule kinavyopita mikono mingi. Nani angeapa kwamba mstari fulani ni wa mtoto fulani?

Jambo hili linatuhusu sisi wa Kasulu na Kibondo, upande wa Tanzania. Tangu Aprili 2015, vijana wa Bujumbura walipoingia barabarani kupinga muhula wa tatu wa Nkurunziza, maelfu ya Warundi walivuka mpaka wakaja kwetu, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kisha ya Nduta. Mei mwaka huo, jaribio la mapinduzi liliposhindwa, redio binafsi zilikuwa zimevamiwa na kunyamazishwa. Sauti ikizimwa, hata doa la wino hugeuka kuwa tamko, na dola hulisikia.

Kwa nini liogopwe? Picha rasmi hutundikwa ofisini na kuchapwa vitabuni ili ituangalie sisi. Mtu akiiongezea pembe au miwani, sasa sisi ndio tunaoiangalia, tena tunacheka. Anayechekwa hadharani ni vigumu kuabudiwa.

Hata hivyo, sitamsifia kila anayeshika kalamu. Jirani yetu wa pili, Rwanda, alikuwa na gazeti la Kangura, lililoanza mwaka 1990 na kujaa katuni. Jalada la toleo la 26, la Novemba 1991, lilichorwa panga lililosimama wima kando ya picha ya Grégoire Kayibanda, rais wa zamani, pamoja na swali: zitumike silaha gani kuwashinda Watutsi, walioitwa mende? Ni panga kama lile tunalofyekea migomba huku kwetu Buha. Mwaka 1994 jibu likaonekana katika mauaji ya kimbari. Tarehe 3 Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha ilimtia hatiani mhariri wa Kangura, Hassan Ngeze.

Mchoro wa kitabuni na mchoro wa jaladani yote miwili ilizaliwa katika nyakati za misukosuko, na yote ilitumia wino. Tofauti iko kwa anayechorwa. Mmoja uligusa uso wa mwenye jeshi, polisi na gereza. Mwingine ulimvua jirani ubinadamu wake, jirani asiye na kitu ila jembe na watoto wake, ukamfanya mdudu. Wa kwanza ni tashtiti. Wa pili ni maandalizi ya mauaji, hata ukichekesha.

Walimu wenzangu, Kiha chetu na Kirundi ni ndugu. Sokoni tunaelewana bila mkalimani, kwa hiyo mzaha wa upande mmoja huvuka mpaka siku hiyo hiyo. Siku hizi huvuka kwa simu. Mkiona mchoro unazungushwa darasani, msikimbilie fimbo. Uwekeni mezani, muwaulize watoto: huyu tunayemcheka anaweza kutufanya nini, na sisi, tukishamaliza kucheka, tunaweza kumfanya nini yeye?

Mtoto aliyezoea kujiuliza hivyo, mkabidhini kalamu bila hofu.